Boma la Mikindani na kidole cha chumvi

Boma la Mikindani, mji wa pwani karibu na Mtwara, ni lile jengo jeupe juu kidogo ya mji; lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895. Likitazamwa kwa mbali ni ngome ya mkoloni. Ukigonga ukuta wake, ni nyumba ya pwani kama nyumba nyingine za pwani: mawe ya matumbawe, chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo juu ya rundo la magogo, na boriti za mikoko.

Boma enzi hizo lilikuwa ofisi ya bwana mkubwa, baraza la kesi, kituo cha askari na mahabusu, vyote pamoja. Ndiyo maana mtu akikwambia ameitwa bomani, humuulizi kama kuna pilau.

Mimi fundi, nikiingia jengo la aina hii napima kwanza upana wa chumba kwa hatua. Boriti ya mkoko ikizidi mita 3 inaanza kupinda, kwa hiyo chumba huwa chembamba hata kikiwa kirefu kama ukumbi. Mti ndio uliochora ramani.

Bandari ya Mtwara ilipojengwa kwa ajili ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulioanza 1947, shughuli zilihama na Mikindani ikapoa. Kupoa huko kuliokoa kuta nyingi. Boma lenyewe sasa ni hoteli, baada ya ukarabati ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990.

Majengo mengine hayakubahatika. Niliwahi kuitwa kwenye kituo cha polisi cha zamani, mji mdogo tu huku Kusini. Kilishapigwa lipu ya saruji, laini, safi. Nikabinya kwa kidole gumba, kipande cha ukubwa wa sinia kikaanguka. Nyuma yake ukuta umelowa na una unga mweupe. Nikaulamba: chumvi tupu.

Matumbawe yana matundu, yanafyonza maji ya ardhini. Chokaa huyaruhusu yatoke. Saruji huyafungia, chumvi ikaganda humo ndani na kusukuma lipu nje. Dawa yake ni kubandua saruji yote, kuuacha ukuta ukauke, kisha kupaka chokaa iliyolowekwa vizuri, tabaka jembamba jembamba.

“Sasa fundi, utakauka lini?” akauliza aliyeniita.

Nikamwambia tuanze kuhesabu miezi masika yakiisha. Akaniangalia kama tapeli.