Fedha Itarudi Lini? Kuchagua Biashara Ndogo ya Kuanza Nayo Kigoma

Kila baada ya mavuno, na tena Desemba vikoba vinapovunjwa, watu huja kwenye dawati letu la ushauri wa biashara na swali moja: "Nina milioni moja na nusu imekaa tu, nifanye biashara gani?" Anayeuliza hutarajia nimtajie jina la biashara, aondoke. Jina ninaweza kumtajia, lakini halitamsaidia. Duka la vyakula lililomnyanyua mtu mtaani Mwanga, hapa mjini Kigoma, limemmaliza mwingine hukohuko Mwanga, mtaa wa pili, na wote wawili waliuza unga na sukari ileile. Kwa hiyo na mimi humrudishia swali: hiyo fedha ikitoka leo, unataka irudi lini mkononi mwako?

Nasisitiza hilo kwa sababu biashara nyingi za mkoa huu zina kalenda yake, na kalenda hiyo haimwangalii mwenye mtaji. Dagaa wana giza na mbalamwezi. Mawese yana miezi ya kujaa na miezi ya kukauka. Maharage ya Kasulu na Kibondo yana wiki zake za bei ya kutupa. Anayeweka fedha ya ada ya Januari kwenye mzigo utakaouzika vizuri Machi amekosea tarehe tu, na hasara yake inatoka hapo, hata kama biashara yenyewe ilikuwa na faida.

Kwanza tukubaliane fedha ya ziada ni ipi. Kwangu ni ile ambayo ikikaa miezi sita bila kurudi, nyumbani mtakula, watoto watasoma, mgonjwa atatibiwa, na hutakopa popote. Wengi wakikaa chini na kupiga hesabu hugundua kwamba kati ya milioni ile moja na nusu, laki nane tayari zina mwenyewe: mbegu na mbolea za msimu wa Novemba, kodi ya nyumba, mchango wa harusi ulioahidiwa mbele ya ukoo. Mtaji wake basi ni laki saba. Heri kuujua ukweli huo mapema kuliko kuja kung'oa laki nane katikati ya safari, mzigo ukiwa Dar es Salaam.

Dagaa

Nianze na dagaa, maana ndiyo biashara inayotajwa zaidi na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa kuwavuta na mwanga wa taa. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wa taa hauna nguvu tena, na wavuvi wengi hupumzika mpaka giza lirudi. Maana yake ni kwamba mchuuzi wa Kibirizi au Katonga, huku mitumbwi inakoshusha dagaa, hana siku 30 za kununua kila mwezi. Ana zile za giza. Siku za mwanzo wa giza bei hupanda kwa sababu kila mtu amesubiri; mitumbwi ikijaza, inashuka. Mgeni hununua siku ya kwanza kwa pupa. Mwenyeji hungoja.

Juu ya hilo kuna kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024, kutokana na makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa hili, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, shughuli za uvuvi zilisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu. Aliyekuwa na mtaji wote kwenye dagaa na familia inayokula kutoka kwenye mtaji huohuo alijikuta anaula. Aliyekuwa na dagaa wakavu waliohifadhiwa vizuri alikuwa na bidhaa adimu. Kwa hiyo kabla hujaingia, nenda kwa afisa uvuvi uulize ratiba ya mwaka huo, na ukiwa hapohapo uulize leseni ya kufanyia biashara mazao ya uvuvi na kibali cha kusafirisha. Mzigo kushikwa njiani kwa kukosa karatasi ni gharama ambayo wengi hawaiweki kwenye hesabu.

Halafu kuna kuanika. Dagaa wabichi wana maji mengi. Tarajia kilo tatu mpaka nne za wabichi kukupa kilo moja ya wakavu. Jua kali likiwaka wanakauka haraka. Mvua ikinyesha wakiwa nje, mchana mmoja unatosha kukugeuzia mzigo wa chakula cha binadamu kuwa wa chakula cha kuku, kwa bei ya chakula cha kuku. Walioanikwa mchangani hubeba mchanga, na mnunuzi wa Dar akitafuna mchanga mara moja hakutafuti tena. Vichanja vya kuanikia, vilivyoinuliwa kutoka ardhini na kutandikwa wavu, vina gharama mwanzoni, lakini dagaa wake hukauka juu na chini, na ukiwafunika kwa turubai wingu linapotanda unawaokoa. Kama laki saba zako haziwezi kulipia mzigo na sehemu ya kichanja kwa pamoja, punguza mzigo. Sijui kwa nini ushauri huu hupokelewa kwa uso wa kununa kila mara.

Tupige hesabu, kwa namba za mfano tu. Mtu ana milioni moja, ananunua, anakausha, anasafirisha mpaka Dar es Salaam, na kila safari inambakishia 180,000 baada ya nauli, magunia, ushuru na vibarua. Safari moja ni mwezi mmoja. Ondoa miezi mitatu ya kufungwa, ondoa miwili ambayo mvua au mzigo mbaya utaichukua. Zinabaki safari saba: 1,260,000 kwa mwaka. Ni faida nzuri juu ya milioni moja, ila haiji kidogokidogo kila siku. Asiye na mshahara au shamba la kumlisha katikati ya safari hafai kuanza nayo.

Mawese

Mawese yanamtaka mtu wa aina nyingine: mwenye subira na stoo isiyovuja. Mchezo wenyewe wanaujua hata watoto wa Ujiji. Unanunua yanapojaa, unayafungia kwenye madumu, unayatoa yanapoadimika. Tuseme, kwa mfano tena, umenunua madumu 20 ya lita 20 kwa 60,000 kila moja, jumla 1,200,000. Baada ya miezi minne bei ikifika 80,000, unauza 1,600,000. Ukiondoa 50,000 za stoo, uchukuzi na kilichovuja, umebaki na 350,000. Hukuamka saa kumi alfajiri hata siku moja.

Tatizo ni kwamba mafuta hayasubiri yakiwa na maji ndani. Mawese ambayo hayakuchemshwa vizuri baada ya kukamuliwa huchacha, na harufu yake hakuna mnunuzi asiyeijua. Nunua kwa mkamuaji unayemfahamu, onja, angalia tope chini ya dumu, tumia madumu makavu, yaweke mbali na jua. Na bei yenyewe haina mkataba na wewe: mafuta ya kula kutoka nje yakishuka bei Dar, na huku tunasikia. Ndiyo maana siwashauri watu kuweka zaidi ya nusu ya fedha yao kwenye madumu. Wenye mtaji mkubwa kidogo waangalie mise, zile kokwa zinazobaki baada ya mawese kukamuliwa. Mafuta yake hutengeneza sabuni, na sabuni haina giza wala mbalamwezi. Ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mkoani hufundisha usindikaji na hushauri kuhusu mashine ndogo; ningeanzia pale kabla ya kununua mashine ya mtu anayeondoka mjini kwa haraka.

Za kila siku

Wenye haja ya fedha inayorudi jioni ileile wana njia zao: genge la mboga na nyanya, chapati na chai karibu na stendi, mama lishe, saluni, kushona. Mtaji wake ni mdogo, mzunguko wake ni wa haraka, na kosa la leo unalirekebisha kesho. Kwa mtu ambaye hajawahi kufanya biashara, mimi humwelekeza huku hata kama ana fedha za kutosha kwenda kwenye dagaa.

Ila kuna jambo moja huwa halisemwi. Chukua anayepika chapati kwa mtaji wa 150,000 na kubaki na 9,000 kila siku. Kwa siku 300 za mwaka ni 2,700,000, mara mbili na zaidi ya yule wa dagaa, na watu wakiiona namba hiyo husema basi chapati ndiyo biashara. Sasa ajiri msaidizi umlipe 5,000 kwa siku. Inabaki 4,000, yaani 1,200,000 kwa mwaka. Tofauti ile ya milioni moja na nusu ilikuwa ujira wa mpishi mwenyewe, malipo ya kuamka usiku na kukanda unga, na haikuzalishwa na mtaji. Mwalimu au muuguzi mwenye ajira anayetaka "kufungua kibanda cha chapati" lazima afanye hesabu ya pili, ile ya msaidizi, maana yeye hatakuwepo. Kisha ajiulize nani atahesabu unga jioni. Biashara ya mkono wa mtu mwingine hufa kwa vikombe vya unga visivyohesabiwa, na mara nyingi msaidizi huyo ni mtoto wa dada au mdogo wa mume, hivyo hata kumwuliza inakuwa kesi ya ukoo. Mpe mshahara uliotajwa, mwandikieni mali kila asubuhi, na undugu wenu utabaki salama.

Bodaboda ya kumkabidhi kijana alete hesabu kila siku inarudisha fedha mapema, mradi una bima, na pikipiki unaichukulia kama kitu kinachochakaa. Kila hesabu anayoleta, sehemu yake ni pikipiki yenyewe inaliwa. Uwakala wa fedha kwa simu unahitaji floti, yaani salio la kwenye simu, na taslimu kwa wakati mmoja, na mahali penye watu. Penye mwalo, asubuhi mitumbwi inaposhusha mzigo, taslimu huisha kabla ya saa nne. Kukosa fedha siku mbili mfululizo kunatosha wateja kuhamia kibanda cha jirani.

Mali kauli ndiyo inayoua maduka ya mitaani. Mteja anachukua, anasema mwisho wa mwezi, unaandika. Duka la laki tano lenye daftari la madeni la laki tatu ni duka la laki mbili, hata kama rafu zimejaa vizuri kwa kutazama. Weka kiwango cha juu cha jumla ya madeni yote na ukibandike mahali unapokiona wewe.

Kwa wanaoangalia mpakani: mtu anayevuka Manyovu kwenda Burundi na bidhaa za asili ya Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 anaweza kutumia utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya, wenye cheti cha uasili, kinachoonyesha bidhaa imetoka wapi, kinachotolewa palepale mpakani, ikiwa bidhaa yake imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Cheti hicho kinahusu ushuru wa forodha tu. Vibali vya chakula na mazao viko palepale. Usipite njia za porini ili kuokoa kidogo. Na faida iliyo kwenye faranga ihesabu kwa shilingi siku unayobadilisha fedha, kwa sababu ile uliyoihesabu siku ya kuuza inaweza kuwa imeshayeyuka.

Kuna watu ninaowaambia wasianze biashara yoyote. Mstaafu asiye na nguvu za kusimamia, mfanyakazi anayehamishwa kila mara, mtu ambaye fedha hiyo ndiyo pekee aliyonayo ya uzeeni. Hati fungani za Serikali, ambazo ni kama kuikopesha Serikali kwa riba, zinanunuliwa kuanzia shilingi milioni moja kupitia Benki Kuu na mawakala wake, na riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya uwekezaji wa pamoja, unakuruhusu kuuza vipande na kupata fedha yako baada ya siku chache za kazi. Hakuna anayesifiwa msibani kwa kuwa na hati fungani, lakini hazinyeshewi.

Karatasi hazina ugumu unaoogopwa. Namba ya mlipakodi hutolewa na TRA bila malipo, leseni ya biashara ya halmashauri huombwa mtandaoni kupitia mfumo wa TAUSI, na anayesindika chakula kwa kuuza akiwa amefungasha huanza kwa kupata barua ya utambulisho SIDO kabla ya kwenda TBS, shirika la viwango. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vina haki ya kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mkopo huo utumie kupanulia biashara ambayo tayari inatembea. Ile mikopo ya kausha damu inayolipwa kila siku usiiguse kwa mzigo unaorudi baada ya mwezi. Marejesho yataanza kula kabla dagaa hawajafika Dar.

Ukishachagua, ingia na theluthi ya mtaji. Kwa dagaa, giza moja linatosha: nunua kidogo, anika mwenyewe, uza hapahapa mjini kabla ya kufikiria treni ya Dar. Kwa mawese, madumu matano. Andika kila shilingi kwenye daftari lenye safu tatu, iliyotoka, iliyoingia na ninayodai, pamoja na tarehe. Njoo nalo ofisini mzunguko wa kwanza ukikamilika. Tutaanza na safu ya tatu.