Kutofautiana tafsiri si kukashifu dini: ya kuangalia kabla ya kuleta lalamiko

Tangu mihadhara ya viwanjani ianze kukatwa vipande vya dakika mbili na kusambazwa kwenye simu, malalamiko ya "kukashifiwa dini" yamekuwa mengi katika dawati letu la usuluhishi. Wengi wanaoyaleta wameumia kweli na hawana nia ya kumkomoa mtu. Lakini ukisoma barua zao, sehemu kubwa ya kinacholalamikiwa ni mjadala wa itikadi ulioanza karne nyingi kabla ya ofisi hii kuwepo, na ofisi haiwezi kuufunga kwa mhuri.

Niliweke wazi hili mapema ili kuokoa nauli za watu. Dawati halitoi uamuzi kama Mungu ni mmoja katika nafsi tatu, au kama hakuzaa wala hakuzaliwa. Mahakama haitoi, Msajili wa Jumuiya hatoi, na mkuu wa polisi wa wilaya hatoi. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu uhuru wa kuamini na kutangaza dini yake, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Barua inayoomba "serikali imzuie sheikh kusema Yesu si Mungu", au "imzuie mchungaji kusema Muhammad hakutabiriwa katika Biblia", inarudishwa kwa mwenyewe. Narudia, inarudishwa, hata ikiwa na saini za watu mia mbili na nakala kwa Mkuu wa Mkoa.

Suala hili lilishafika Mahakama ya Rufani. Katika shauri la Hamisi Rajabu Dibagula dhidi ya Jamhuri, mshtakiwa alitiwa hatiani Morogoro kwa kutamka hadharani kwamba Yesu si Mwana wa Mungu, akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Alishtakiwa chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kutamka neno kwa makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu. Adhabu ya juu ya kosa hilo ni mwaka mmoja, kwa hiyo miezi 18 peke yake ilikuwa imevuka sheria. Mahakama Kuu ilimwachia huru lakini ikaacha hatia ibaki. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani iliifuta na hatia yenyewe. Mwislamu anayetamka maneno hayo anatamka sehemu ya imani yake, na kuitamka imani hakutoshi kuwa kosa pasipo ushahidi wa dhamira ya kuumiza.

Neno la kushika ni dhamira. Kifungu hakiulizi kama msikilizaji aliumia, kwa sababu katika nchi yenye dini nyingi karibu kila tamko la imani litamuuma mtu mmoja mahali fulani. Kinauliza kama msemaji alikusudia kuumiza. Hilo huonekana kwenye mambo yaliyolizunguka tamko: matusi ya nguoni, dhihaka juu ya mwili au ndoa za mtu anayeheshimiwa na waumini, spika kugeuzwa makusudi kuelekea nyumba ya ibada wakati wenzao wanasali, au kumfuata mtu mlangoni kwake na kumrudia maneno baada ya kuombwa aache. Kuharibu au kunajisi nyumba ya ibada au kitu kitakatifu kwa nia ya kutukana dini ni kosa jingine, kifungu cha 125, na adhabu yake yaweza kufika miaka miwili. Kuvuruga ibada halali ni kosa lake peke yake, kifungu cha 126. Anayetukana kwa misingi ya dini kupitia simu au kompyuta anaingia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambako faini huhesabiwa kwa mamilioni na kifungo pia kipo. Tumeona watu wanaoijua sana Kanuni ya Adhabu wakisahau kabisa kwamba ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp nao ni uchapishaji.

Sasa tuje kwenye aya zenyewe, maana nusu ya malalamiko huanza na "amepotosha maandiko".

Angalia kwanza kama mnasoma chapa moja. Linaonekana jambo dogo, lakini limewahi kuwashikanisha watu mashati. Chapa za Qur'ani za Jumuiya ya Ahmadiyya huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza katika sura zote zinazoanza nayo, kwa hiyo aya inayomtaja Ahmad, ambayo wengine wanaijua kama 61:6, kwao ni 61:7. Mtu akifungua msahafu wake na kukuta maneno mengine kwenye namba aliyotajiwa, anapaza sauti kwamba aya imeghushiwa. Kwa Wakristo ni vilevile. Unabii wa Yoeli wa kumiminwa Roho uko 2:28 katika Biblia ya Union Version ya 1952, lakini Biblia zinazofuata hesabu ya Kiebrania huuweka 3:1. Malaki ina sura nne kwa wengine na tatu kwa wengine, na ahadi ya kuja kwa Eliya ni 4:5 huku na 3:23 kule. Kitabu cha Danieli kina sura 12 kwa Waprotestanti na 14 kwa Wakatoliki. Hakuna aliyeiba kitu hapo.

Yapo pia maneno ambayo kweli yamo katika chapa moja na hayamo katika nyingine. 1 Yohana 5:7, yenye mashahidi watatu wa mbinguni, Baba, Neno na Roho Mtakatifu, haimo katika nakala za Kigiriki za kale zaidi, na ndiyo sababu tafsiri nyingi za karne iliyopita zimeyaacha maneno hayo au zimeyaweka kwenye mabano au tanbihi. Mhadhiri anayesema "aya hii imeongezwa" anasema jambo ambalo wataalamu wa Biblia wa Kikristo wenyewe wameliandika. Akiendelea kusema "kwa hiyo fundisho zima la Utatu limesimama juu ya aya hii", hapo amekosea, maana mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea wa 325 na ule wa Konstantinopoli wa 381 haukuitegemea. Kosa hilo hujibiwa kwa hoja. Polisi hawana kazi nalo.

Ukishakubaliana na mwenzako juu ya namba na maneno, uliza anaisoma aya kwa kufuata kanuni gani. Kumbukumbu la Torati 18:18 inaahidi nabii mfano wa Musa kutoka miongoni mwa ndugu zao. Mkristo anaisoma kupitia Matendo 3:22, ambapo Petro anaipeleka kwa Yesu. Mwislamu anaisoma akiwa na Qur'ani 7:157 mkononi, inayosema Nabii asiyesoma ametajwa katika Taurati na Injili, na kwa "ndugu zao" anaelewa wana wa Ishmaeli. Wafasiri wa Kiyahudi wameielewa kuwa inahusu Yoshua, au mfululizo wa manabii waliomfuata Musa. Hao wote watatu wanaisoma aya kwa uaminifu, kila mmoja kwa taa aliyowashiwa nyumbani kwao, na kumwambia mmoja wao "soma vizuri" hakuisogezi hoja hata hatua moja.

Kuhusu asili ya Mungu, watu husahau kwamba mgawanyiko haupiti tu katikati ya msikiti na kanisa. Mhadhiri wa Kiislamu akinukuu Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi", anarudia hoja ambayo Ario, padri wa Aleksandria, aliitumia ndani ya Kanisa katika karne ya nne, naye akajibiwa kwa Yohana 10:30, "Mimi na Baba tu umoja". Mashahidi wa Yehova wanaukataa Utatu mpaka leo. Wapentekoste wanaobatiza kwa jina la Yesu pekee wanaukataa kwa njia nyingine kabisa: kwao Baba, Mwana na Roho ni Yesu yuleyule. Upande wa pili, Mkristo anayelalamika kwamba Qur'ani 5:116 "inasingizia" Utatu wa Mungu, Yesu na Mariamu anaweza kueleza kwa utulivu kwamba hakuna mtaguso wowote uliomweka Mariamu katika Utatu, na Mwislamu atamjibu kwamba aya inauliza juu ya kuabudiwa, haitoi ufafanuzi wa mitaguso. Mazungumzo ya namna hiyo huchukua saa mbili na chai. Hayajawahi kuhitaji difenda ya polisi.

Waislamu nao wana mipaka yao ya ndani. Ibadhi, dhehebu la masultani wa Zanzibar na la Waomani wengi, wanashikilia kwamba Mwenyezi Mungu haonekani duniani wala akhera, kwa dalili ya 6:103 kwamba macho hayamfikii. Masunni wanathibitisha kuonekana kwake akhera kwa dalili ya 75:22–23. Watu wa itikadi hizo mbili wameishi mtaa mmoja Unguja kwa vizazi, wakiwa na makadhi wa Kiibadhi na wa Kishafii, yaani wa Kisunni. Kisha kuna 3:7, aya inayozungumzia aya zilizo wazi na zenye kufanana. Isome polepole. Ukisimama baada ya "hapana ajuaye tafsiri yake ila Mwenyezi Mungu", waliozama katika ilimu wanabaki kusema tu "tumeziamini". Ukiunganisha bila kusimama, nao wanaingia katika wanaojua. Misahafu mingi huweka alama ya kusimama mahali hapo, lakini wanazuoni wakubwa wamefuata njia zote mbili. Pumzi moja tu ndiyo inayoamua kama unaruhusiwa kufasiri maneno ya Qur'ani kama "mkono" wa Mungu au unayathibitisha na kunyamaza. Anayemwita mwenzake kafiri kwa sababu ya hilo ajue kuna vitabu vingi vya kusoma kabla ya kufika huko.

Unabii wenye tarehe unahitaji uangalifu wa aina nyingine. Danieli 8:14 inataja jioni na asubuhi 2,300 kabla patakatifu hapajatakaswa. Wapo wanaozihesabu kuwa siku 1,150 au 2,300 za kawaida na kuzielekeza kwa mfalme Antioko wa Nne aliyelinajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 KK, kabla Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi, hawajalitakasa 164 KK. Wengine huziweka mbele, katika siku za mwisho zijazo. Waadventista, wakitumia Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6, husoma siku moja kuwa mwaka mmoja na kuanzia amri ya Artashasta, mfalme wa Uajemi, ya 457 KK. Ukitoa 457 katika 2,300 unapata 1843, lakini kwa kuwa hakuna mwaka sifuri kati ya KK na BK, unaongeza mmoja, na jibu ni 1844. Kosa hilo la mwaka mmoja si la wanafunzi tu. Mhubiri William Miller wa Marekani naye alianza kwa kutarajia marejeo ya Kristo kati ya Machi 1843 na Machi 1844, kisha wafuasi wake wakahamia 22 Oktoba 1844. Siku ikapita. Waliokuja kuwa Waadventista waliendelea kuishika tarehe, lakini wakasema kilichotokea kilikuwa katika patakatifu pa mbinguni. Anayekupa tarehe leo mwombe vitu vitatu: mwaka wa kuanzia, sababu ya kuuchagua, na kanuni ya kugeuza siku kuwa miaka. Kimoja kikikosekana, huna hesabu ya kujadili.

Kusubiri tarehe si kosa. Inakuwa kosa mtu anapoagizwa kuuza shamba na kukabidhi fedha, kumnyima mtoto dawa, au kuacha kula ili afike mbinguni kabla ya wengine. Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini na watoto wao. Kanungu, Uganda, moto wa 17 Machi 2000 uliua mamia ya waumini waliokuwa wameahidiwa mwisho wa dunia. Mambo ya namna hiyo msiyalete kwenye dawati la usuluhishi wala msisubiri kikao. Nendeni kituo cha polisi siku hiyohiyo, mpewe namba ya RB (kitabu cha taarifa cha polisi), na ustawi wa jamii wajulishwe kama kuna watoto.

Waandaaji wa mihadhara, taarifa ya maandishi inapelekwa kwa ofisa wa polisi msimamizi wa eneo si chini ya saa 48 kabla, ikitaja mahali, muda na madhumuni. Ni taarifa, si ombi la kibali, na mkutano unaendelea isipokuwa polisi waamue usifanyike. Saa 48 huhesabiwa hadi muda wa kuanza mkutano. Barua iliyofika Ijumaa jioni kwa mkutano wa Jumamosi asubuhi haijatimiza sheria hata kama imegongwa mhuri wa kupokelewa.

Mlalamikaji alete rekodi nzima, si klipu. Ibaki kwenye kifaa kilichorekodi au kupokea kwanza, maana mahakama huangalia rekodi ilivyotengenezwa na kutunzwa, na faili lililopita makundi kumi halisaidii. Barua itaje mahali, tarehe na saa, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, na aya iliyonukuliwa pamoja na jina la chapa. Bila chapa hatuipangii kikao. Ikikamilika, pande zote huitwa, kila upande watu wasiozidi watatu, na kila mmoja aje na kitabu chake mkononi. Spika zibaki nyumbani.