Choki ya sumaku au balasti ya kidijitali? Pima umeme wako kwanza

Wanaootesha miche vyumbani na kwenye vitalu nyumba huniuliza swali lile lile kila msimu: ninunue balasti ya kidijitali, ile nyepesi yenye kitufe cha kupunguza mwanga, au nibaki na choki ya chuma inayonguruma? Dukani jibu karibu kila mara ni ya kidijitali. Mimi nafunga na kutengeneza taa za mimea ukanda wa Arusha na Kilimanjaro, na jibu langu linaanza na kitu ambacho hakijaandikwa kwenye boksi lolote: umeme wako ukoje saa mbili usiku, na unarudi vipi baada ya kukatika.

Kwanza tuelewane balasti ni ya nini. Taa ya sodiamu au ya metali halaidi haina waya unaowaka ndani kama balbu ya zamani. Umeme unapita kwenye gesi na mvuke wa madini, na mvuke huo una tabia mbaya: kadiri mkondo unavyoongezeka, ndivyo ukinzani unavyopungua, na mkondo unazidi kuongezeka. Bila kitu cha kuushika ni gari lililokatika breki mteremkoni. Taa inapasuka au breka inaruka. Balasti ndiyo breki.

Choki ya sumaku inafanya kazi hiyo kwa shaba iliyozungushwa kwenye mabati ya chuma yaliyopangwa, basi. Pembeni yake kuna ignaita, inayopiga mapigo ya volti elfu kadhaa ili taa iwake, na kapasita, ambayo nitaieleza kwa urefu kwa sababu inapuuzwa sana. Balasti ya kidijitali inaupokea umeme, inaugeuza kuwa wa moja kwa moja, kisha inaukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde kabla ya kuupeleka kwenye taa. Ndiyo maana ni nyepesi na haingurumi ule mngurumo wa choki, ambao ni wa mapigo 100 kwa sekunde kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50.

Sasa umeme wenyewe. Chukua mita, iweke kwenye soketi ya chumba kile kile utakachofunga taa, na uandike volti kila baada ya nusu saa kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, kwa siku chache. Tanzania tunatarajia 230. Mwisho wa laini ndefu ya kijijini, transfoma moja ikihudumia mashine ya kusaga pamoja na nyumba nyingi, nimesoma 195 wakati watu wanapika na kutazama taarifa ya habari, na usiku wa manane laini hiyo hiyo imepanda kupita 240.

Choki haipimi chochote. Inapitisha kinachokuja. Volti zikishuka asilimia 5, nguvu ya taa ya sodiamu inashuka asilimia 10 au zaidi kidogo. Kwa hiyo kwenye volti 195 unadhani una taa ya wati 600 kumbe miche inapata mwanga pungufu kwa theluthi hivi, na umeme ukizidi kuwa mdogo taa inazimika kabisa. Ikizimika haiwaki tena papo hapo. Lazima ipoe dakika moja au mbili, kisha ipande taratibu dakika nne au tano hadi mwanga wake kamili. Metali halaidi ni mbaya zaidi, inaweza kukusubirisha robo saa. Umeme ukipanda nako taa inatumia nguvu kupita kiwango chake na kuchakaa mapema.

Choki nyingi nzuri zina nafasi zaidi ya moja za kufungia waya, zilizoandikwa 220, 230 na 240. Fundi mwenye haraka anafunga kwenye 230 bila kupima. Ukiwa na zile namba zako za jioni, unafunga kwenye nafasi inayolingana na laini yako, na hiyo peke yake inakurudishia mwanga mwingi bila kununua kitu.

Hapa balasti ya kidijitali inashinda wazi. Ndani ya mipaka iliyoandikwa kwenye lebo, inaipa taa nguvu ile ile, volti zipande au zishuke. Kama tatizo lako ni umeme mdogo wa jioni na hakuna mengine, nunua ya kidijitali, soma mipaka hiyo kabla ya kulipa, na umemaliza.

Lakini umeme wetu hausumbui kwa njia moja. Kuna radi, na kuna ile dakika umeme unaporudi baada ya kukatika, volti zikirukaruka wakati friji na mota za mtaa mzima zinaanza kwa pamoja. Choki ni kipande cha shaba na chuma. Pigo fupi la volti linapita na yenyewe inabaki. Kwenye balasti ya kidijitali pigo hilo linakutana na transista na saketi ndogo, na nyingi ya zile ninazoletewa zikiwa zimekufa zilikufa siku umeme uliporudi au usiku wa radi. Ukiifungua unakuta bodi imemiminiwa gundi nyeusi ngumu, hakuna cha kutengeneza.

Dawa ipo, na ni lazima ihesabiwe kwenye bei. Kifaa cha kuzuia mapigo ya umeme kwenye bodi kuu, ethi iliyopimwa kweli na si chuma kilichochomekwa tu kwenye udongo mkavu, na taimeri inayochelewesha taa dakika tano baada ya umeme kurudi. Taimeri hiyo naifunga hata kwa choki, kwa sababu inaiacha taa ipoe na inaipumzisha ignaita, ambayo vinginevyo inapiga mapigo bure kwenye taa ya moto. Mtu akilinganisha bei ya choki na ya balasti ya kidijitali bila kuweka vitu hivi kwenye hesabu, hajalinganisha.

Turudi kwenye kapasita. Choki inaufanya mkondo uchelewe nyuma ya volti, na matokeo yake ni kwamba taa inavuta ampea nyingi kuliko kazi inayofanya. Taa ya sodiamu ya wati 600 yenye choki yake inatumia wati kama 650, lakini bila kapasita inavuta ampea 6 na ushee. Kwa volti 230 hiyo ni kVA 1.4 (kVA ni volti mara ampea, ugawe kwa elfu). Weka kapasita ya maikrofaradi 60 au karibu yake na ampea zinashuka hadi 3, kVA 0.7. Kazi ni ile ile, mwanga ni ule ule.

Tatizo ni kwamba kapasita iliyokufa haizimi taa. Choki inanguruma vile vile, miche inapata mwanga wake, anayepita chini haoni tofauti. Zungushia klampu mita kwenye waya wa fezi wa taa moja ya wati 600: ikisoma karibu 3, kapasita ni nzima; ikisoma 6, imekufa, hata kama kwa nje haijavimba. Naomba kila mwenye shamba anayenisoma afanye kipimo hiki wiki hii. Mteja wa kawaida wa LUKU analipa uniti tu, kwa hiyo yeye ataona waya kupata joto na breka kuruka. Lakini shamba lililo kwenye T2, daraja la bei la TANESCO kwa watumiaji wakubwa, linalipa pia kwa kVA ya juu kabisa ya mwezi, na wateja wa viwanda na biashara kubwa wa Kenya Power vivyo hivyo. Taa ishirini zenye kapasita zilizokufa zinakuongezea kVA 14 ambazo hazijaotesha hata mche mmoja. Ukienda kuibadilisha, kumbuka kapasita inabaki na chaji baada ya kuzima umeme. Subiri, kisha ipime kabla ya kuigusa.

Balasti ya kidijitali iliyotengenezwa vizuri inarekebisha jambo hili yenyewe ndani, na namba yake kwenye lebo, ile inayoandikwa kwa alama λ na kuonesha ni sehemu gani ya kVA inayofanya kazi kweli, huwa 0.95 au zaidi. Kinachosumbua ni sehemu ndogo ya kwanza ya sekunde unapoiwasha, kapasita za ndani zinapojaa kwa mkupuo. Ukiwasha kumi pamoja, breka ya aina B inaruka hata kama hesabu ya ampea iko sawa. Tumia aina C au D, au ziwashe kwa zamu.

Joto nalo lina neno lake. Kwenye choki utaona maandishi kama tw 130: hilo ni joto la nyuzi ambalo shaba yake inavumilia kwa miaka 10 ya kuwaka mfululizo. Kwenye balasti ya kidijitali tafuta kidoa chenye alama tc na namba pembeni, mara nyingi chini ya nyuzi 80. Hapo ndipo unapotakiwa kupima, na chombo kisipite namba hiyo. Kapasita za kemikali zilizo ndani yake zinapoteza karibu nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 za ziada. Kitalu nyumba kinaweza kupita nyuzi 40 mchana, kina unyevu wa kunyunyizia, na kwenye mashamba ya waridi usiku wanafukiza salfa dhidi ya ubwiri unga, moshi unaokula shaba na lehemu ya bodi. Balasti ya kidijitali ikining'inia humo juu ya mimea siishangai ikifa mapema. Ukiweza kuiweka chumba cha nje, fuata urefu wa waya uliotajwa na mtengenezaji, maana ile kasi ya kukatakata umeme haipendi waya mrefu.

Kuhusu kula umeme, tofauti ya boksi lenyewe ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Balasti nzuri ya kidijitali kwenye taa ya wati 600 inaokoa wati kama 20 ukilinganisha na choki. Kwa saa 12 kila siku hizo ni uniti 7 hivi kwa mwezi. Mara nyingi mtu ataoneshwa namba kubwa zaidi. Jacob Nelson na Bruce Bugbee wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, Marekani, walichapisha vipimo mwaka 2014: taa ya sodiamu ya kawaida ya kufunga kwa skrubu ilitoa maikromoli 1.02 za mwanga wa mimea kwa kila juli ya umeme, na zile bora zenye miguu pande mbili zinazoendeshwa kielektroniki zilifika 1.70. Faida hiyo ni ya kweli na ni kubwa. Lakini ni ya taa, kioo chake cha kuakisi na balasti kwa pamoja. Ukinunua boksi la kidijitali na kulifungia taa ile ile ya skrubu kwenye bati lile lile, hutaipata 1.70.

Na usichanganye. Taa yenye herufi EL imetengenezwa kwa balasti ya kielektroniki. Metali halaidi nyingi za kawaida zikiendeshwa kwa kasi kubwa, mwanga wake unaanza kucheza na kujipinda ndani ya kioo. Ukikutana na taa za mtumba kutoka vitalu vya Uholanzi, soma lebo kwanza: zipo za wati 600 zinazotaka volti 400, yaani fezi mbili, na kwenye soketi ya 230 haziwaki.

Kuna pia redio. Balasti za kidijitali zisizo na kichujio kizuri zinachafua mawimbi, na mwaka 2014 chama cha waendesha redio za ridhaa cha Marekani, ARRL, kilipeleka malalamiko kwa mamlaka ya mawasiliano ya huko, FCC, kwa ajili ya balasti za taa za mimea. Kama jirani yako anasikiliza masafa mafupi, au shamba lako linatumia vipima unyevu vya redio, jaribu moja kabla ya kununua kumi.

Kwa hiyo nafunga nini? Shamba la mbali, mwisho wa laini, lenye jenereta na radi nyingi: choki, kwenye nafasi sahihi ya volti, na taa ya wati 400, kwa sababu choki, ignaita na kapasita zake ndizo zile zile za taa za barabarani na viwanja na duka lolote kubwa la umeme mjini linazo. Za wati 600 unaweza kuzisubiri wiki kadhaa. Chumba cha miche mjini, kilichofungwa, chenye feni, ethi nzuri na kinga ya mapigo: kidijitali, bila kusita, na kile kitufe cha kupunguza mwanga kitakufaa miche ikiwa midogo. Usiishushe sana tu. Sodiamu ikipunguzwa chini ya nusu inatoa mwanga dhaifu usiolingana na umeme inaokula.

Wakulima wa krisantemamu wanaotaka tu kuuvunja usiku ili mimea mama isichanue, naomba msinunue yoyote kati ya hizi mbili kwa kazi hiyo. Mwanga unaohitajika ni mdogo sana, na mnataka kuwasha na kuzima mara kadhaa usiku mmoja, jambo ambalo sodiamu haiwezi. Chukueni LED. Na nayo ina draiva, yaani kifaa cha kuiendesha, yenye lebo, mipaka ya volti na kidoa cha tc, kwa hiyo zile namba mlizoandika jioni kwenye soketi bado mtazihitaji.