Nadharia ya nyuzi na nishati ya giza: dhana potofu na ukweli

Dhana: Nadharia ya nyuzi, inayosema kwamba chembe zote ni nyuzi ndogo mno zinazotetema, imekwisha kueleza kwa nini ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka.

Ukweli: Bado haijafika huko. Mchapuko huo uligunduliwa mwaka 1998, makundi mawili ya wanaastronomia yalipoona kwamba supanova (nyota zinazolipuka) za mbali zina mwanga hafifu kuliko ilivyotarajiwa, ishara kwamba ziko mbali zaidi. Chanzo chake kikaitwa nishati ya giza, na hukadiriwa kuwa karibu asilimia 70 ya nishati yote ya ulimwengu. Nadharia ya nyuzi, kwa upande wake, inadai vipimo 10 vya nafasi na wakati (tunavyovijua ni vinne: urefu, upana, kimo na wakati), na namna vile sita tusivyoviona vilivyokunjwa ndiyo huamua nishati ya nafasi tupu, ambayo ndiyo ingekuwa nishati ya giza. Taabu ni kwamba mahesabu hutoa kwa urahisi nishati hasi au sifuri, ilhali tunayohitaji ni chanya, ndogo mno, na yenye kudumu. Mwaka 2003 wanafizikia Kachru, Kallosh, Linde na Trivedi walipendekeza njia: kwanza vipimo hivyo vilivyokunjwa vitulizwe katika nishati hasi, kisha nishati hiyo iinuliwe hadi iwe chanya. Hatua hiyo ya kuinua ndiyo inayobishaniwa hadi leo.

Dhana: Kwa kuwa nadharia hiyo inaruhusu malimwengu mengi mno, mmojawapo lazima ni wetu.

Ukweli: Idadi ya malimwengu inayotajwa sana, 1 ikifuatwa na sifuri 500, ni makadirio, na hakuna aliyewahi kuonyesha hata suluhisho moja lenye chembe zetu zote pamoja na nishati yetu ya giza. Kusema kwamba jawabu limo humo mahali fulani si kulitoa.

Dhana: Nishati ya giza ikithibitika kuwa inapungua, nadharia ya nyuzi itakuwa imeshinda.

Ukweli: Ni kweli kwamba mwaka 2018 mwananadharia wa nyuzi Cumrun Vafa na wenzake walidai kuwa huenda nishati chanya isiyobadilika haiwezekani kabisa ndani ya nadharia hiyo, na kwamba matokeo ya mradi wa DESI huko Arizona, unaochora ramani ya magalaksi, ya 2024 na 2025, yakiunganishwa na data nyingine, yana dalili za mabadiliko, ingawa hazijafikia kiwango cha kuitwa ugunduzi. Lakini nishati inayobadilika inaweza kuelezwa bila nyuzi zozote. Isitoshe, yakisomwa kwa namna ya kawaida, matokeo hayo yanaashiria kuwa zamani msongamano wa nishati hiyo uliongezeka kadiri ulimwengu ulivyotanuka, jambo ambalo mifano sahili ya nishati inayofifia polepole, ikiwamo ile inayopendwa na wananyuzi, haiwezi kulizalisha.