Je, wajua huhitaji kuwa mgonjwa ndo ushtaki mtu juu ya moshi?

Kwa miaka mingi mi nilikuwa naamini, na nilikuwa naambia watu bila wasiwasi, kwamba ukitaka kumpeleka mtu kotini juu ya moshi lazima kwanza uwe na karatasi ya hospitali. Yaani awepo mgonjwa, awepo daktari, na cheti kiandikwe huu ugonjwa umetoka kwa chimni ya fulani, ndo sasa wakili akusikize. Huku kwetu Eastlands, Nairobi, kuna mahali walikuwa wanayeyusha vyuma usiku, moshi unaingia hadi ndani ya neti ya kitanda, asubuhi ukifuta meza kitambaa kinatoka cheusi, na majirani walipokuja kuniuliza tufanye nini ni mimi niliwaambia tungoje, hatuna ushahidi, kwani kuna mtu amelazwa? Hakukuwa na mtu amelazwa, kwa hivyo tukangoja karibu miaka miwili. Hiyo inaniuma mpaka leo kwa sababu sheria haikuwa inataka tungoje hata siku moja.

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama kwa afya. Hiyo wengi wanaijua. Chenye wengi hawajui, na mimi pia sikujua, ni Kifungu 70, kile kinaeleza utaenda kotini vipi hiyo haki ikivunjwa au ikiwa karibu kuvunjwa. Sehemu yake ya tatu ni sentensi moja fupi, inasema mlalamishi hahitaji kuonyesha kwamba mtu yeyote amepata hasara au ameumia. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani nimeisoma vibaya nikarudia. Mtu yeyote, si wewe tu. Unaweza kuingia kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi ukiwa mzima wa afya, majirani wote wazima, ukaomba jaji asimamishe kitu, na hakuna mtu atakufukuza eti hujaumia bado.

Kwa nini sheria iandikwe hivyo? Lazima urudi 1989, pale Uhuru Park, bustani ya umma katikati ya Nairobi. Serikali ya wakati huo na kampuni ya gazeti la Kenya Times walitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani, na Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, akaenda Mahakama Kuu kulizuia. Kesi ilitupwa. Jaji hakusema jengo ni zuri ama ni baya, alisema huyu mama hana haki ya kusimama mbele yake, kwa sababu hakuna kitu amepoteza yeye binafsi zaidi ya vile wananchi wengine watapoteza. Jambo la umma ni la Mwanasheria Mkuu kushtaki. Na Mwanasheria Mkuu ni wakili wa serikali ileile inayotaka kujenga. (Jengo halikujengwa mwishowe, lakini ni kelele na wafadhili kujitoa ndo viliokoa bustani, si koti.)

Hiyo kanuni ukiiangalia karibu ni ya ajabu sana na naomba tukae nayo kidogo. Chukua ploti ya vyumba ishirini, koridoo moja, na mtungi wa gesi unavuja hapo katikati. Mpangaji wa chumba namba 9 anasikia harufu anaenda kwa mwenye ploti. Mwenye ploti anamuuliza, umeungua? Bado. Basi rudi ukiungua. Hiyo peke yake ni mbaya, lakini kanuni ya zamani ilienda mbali zaidi, maana hata mtungi ukilipuka na vyumba vyote ishirini viungue, yule wa namba 9 akirudi ataulizwa, wewe umeungua kuliko wengine? La, tumeungua sawa. Basi hii si kesi yako, ni ya wote, na ya wote si ya mtu. Kwa hivyo kadiri madhara yalivyokuwa yanaenea ndivyo watu wa kulalamika walivyokuwa wanapungua. Na hewa, ukifikiria, ndo kitu kinaenea kuliko vyote, hakuna ukuta wa ploti unaizuia.

Mlango ulianza kufunguliwa na sheria ya mazingira ya 1999, ile mawakili wanaita EMCA, iliyosema mtu anaweza kushtaki hata kama hajaonyesha hasara yake binafsi bora kesi isiwe ya usumbufu tu. Katiba ikaja kuuondoa kabisa kwa bawaba.

Kuna sababu ya pili na hii ni ya hewa hasa. Hebu fikiria sufuria moja ya maharagwe jikoni na watu ishirini wanapita, kila mtu anatupa chumvi kidogo. Wakati wa kula imekuwa kali hailiki. Sasa uambiwe onja useme ni chumvi ya nani. Kifua cha mtu wa Nairobi kiko hivyo, kuna dizeli ya matatu na malori, kuna taka inachomwa kila kona, kuna jiko la mkaa, kuna vumbi la barabara, kuna viwanda. Hakuna daktari atakusikiza kifua akuambie kikohozi hiki ni cha kiwanda fulani, ataandika tu maambukizi ya kifua akupe dawa. Ndo maana ile karatasi ya hospitali niliyokuwa naambia majirani watafute isingewahi kupatikana, hata mtu angelazwa. Kuishikilia kama sharti ni sawa na kusema hakuna kesi ya moshi itawahi kuanza.

Lakini nisikudanganye, ushahidi wa kuumia haujapoteza kazi. Kifungu hicho hicho cha 70 kinampa jaji njia tatu: kuzuia au kusimamisha kitendo, kulazimisha afisa wa umma afanye kazi yake, na kuamuru fidia kwa aliyeathirika. Hizo mbili za kwanza hazihitaji mgonjwa. Fidia nayo, kwa neno lenyewe, inataka mtu aliyeathirika, na hapo ndo watu wa Owino Uhuru kule Mombasa walisota. Kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilikaa karibu na nyumba zao kuanzia 2007 hadi 2014, na wao walikuwa na kitu sisi wa moshi wa kawaida hatuna, yaani madini ya risasi. Risasi ni kama rangi kwenye ile sufuria, si chumvi. Ukipima damu inaonekana, ukipima udongo inaonekana, na hapo jirani kulikuwa na mahali pamoja panapojulikana pa kuitoa. Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi kwa hicho kiwanda na mtoto wake akapatikana na sumu hiyo, alisimama na wakazi, kesi ikafunguliwa 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi Mombasa ikawapa shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua hiyo fidia 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka minane kotini, na risasi wako nayo mwilini.

Na amri ya kusimamisha nayo ni karatasi mpaka mtu aitekeleze. 2021 koti iliagiza jaa la Dandora lihamishwe ndani ya miezi sita. Jaa hilo limekuwa hapo tangu 1975, utafiti wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wa 2007 ulipima watoto 328 wa karibu na nusu yao wakawa na risasi nyingi kwenye damu kuliko kiwango kilichokubalika wakati huo, na malori yaliendelea kuingia hata baada ya ile miezi sita kuisha.

Kwetu tulianza upya tukiacha habari ya hospitali kabisa. Kanuni za ubora wa hewa zinataka mwenye kutoa moshi wa aina hiyo awe na leseni, kwa hivyo swali la kwanza ni leseni iko wapi, na sheria ya kupata habari ya 2016 inampa afisa wa umma siku 21 kujibu. Barua tuliandika wenyewe. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu, yule aliyekuwa ananiuliza kila mwezi kama bado tunangoja, alinunua kitabu cha hesabu cha shule na ndani anaandika tarehe, saa moshi umeanza, saa umeisha, upepo unaelekea wapi. Sahi yuko kitabu cha pili.