Kilifi ya pwani: byenye tunasemaka na byenye biko bya kweli

Bandugu, juzi tulibishana sana kwetu hapa Lubumbashi juu ya Kilifi, kaunti ya pwani kule Kenya (Kenya inchi, haina ile komini yetu ya Lubumbashi yenye inaitwa Kenya), juu yaya mumoja alisema Kiswahili ni kitu ya Baarabu na miji yote ya mawe kule ni Baarabu njo balijenga, sisi tuliokota tu. Ile maneno iliniuma juu nkambo yangu alinilea na hii luga, njo maana naandika.

Tuanze na Gedi. Ni muji ya zamani ya Kilifi, mu pori karibu na Watamu, kilometa kama 16 kusini ya Malindi: misikiti, nyumba ya mufalme, bisima, byoo bya ndani, byote bya mawe ya matumbawe. Kaburi moja iko na mwaka 802 ya Kiislamu, ni kusema 1399. Batu banaona misikiti na sahani ya China yenye balichimbua pale, banakata maneno: wageni. Lakini kununua sahani ya China haigeuze mutu Muchina, hata leo angalia mu kabati ya mama yako. Gedi ni muji ya Baswahili, Baafrika ya pwani benye balikuwa Baislamu na benye balifanya biashara na bahari yote ile.

Sasa nisifiche upande ingine, juu kusema hakuna damu ya wageni hata kidogo nayo ni uongo. Mu 2023 kulitoka utafiti ya DNA ya mifupa ya batu ya zamani ya pwani, mingine ilitoka Mtwapa, palepale Kilifi. Kwa bengi, zaidi ya nusu ya damu ni ya Afrika, na karibu yote inapita kwa bamama, halafu upande ya babaume kunaonekana batu ya Asia, sana sana ya Uajemi, kuanzia kama mwaka 1000. Ni kusema wageni balikuja, balioa, na batoto balisema luga ya mama. Kiswahili ni luga ya kibantu mu mifupa yake, maneno ya Kiarabu iliingia juu yake, sawa vile kwetu Kifaransa inaingia.

Ingine: ati Vasco da Gama, ule baharia ya Portugal, njo "alifungua" njia ya India. Alifika Malindi mu Aprili 1498 akitoka Mombasa kwenye hawakumupokea muzuri, mufalme ya Malindi akamupokea juu alikuwa na ugomvi na Mombasa, akamupa mutu wa kumuongoza, na mu Mei akafika Calicut, muji ya India. Njia ilikuwa pale zamani, babaharia balikuwa banaipita na pepo ya musimu. Na ule muongozi, bengi banasemaka ni Ahmad ibn Majid, baharia mukubwa ya Kiarabu, lakini maandiko ya Baportugali inasema alikuwa Mugujarati, na ibn Majid wakati ile alikuwa amekwisha kuzeeka.

Halafu Rabai, nayo iko Kilifi. Krapf, misionere Mujermani, alifungua kituo pale mu 1846 na mwenzake Rebmann, na kazi yake ku Kiswahili ni kubwa, siipunguze. Lakini kusema bamisionere njo balitufundisha kuandika Kiswahili, hapana, kuko barua na mashairi kwa herufi ya Kiarabu tangu miaka ya 1700.

Yenye inaniuma kupita yote ni Mekatilili wa Menza. Banamuitaka muchezaji ya ngoma tu, ao mulozi. Ule mama ni wa Bagiriama, kabila moja ya Kilifi; mu 1913, Bangereza balikuwa banataka kodi ya nyumba, banataka bijana ku mashamba yao, na yeye akazunguka kijiji kwa kijiji na ngoma ya kifudu akikusanya batu, juu ku ngoma njo batu banakuja bengi, halafu akabaapisha kiapo ya kukataa. Ile ni siasa, na akili mingi ndani yake. Balimukamata na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, bakabapeleka Kisii, upande ingine kabisa ya inchi karibu na ziwa, balitoroka na kurudia kwao. Mu Agosti 1914 Bangereza balipasula Kaya Fungo na baruti (kaya ni kijiji ya zamani ndani ya pori takatifu), pale Bagiriama balikuwa banaapia. Sanamu ya Mekatilili leo iko Malindi, na ile pori ya kaya yenye balipasula, mu 2008 UNESCO iliiandika pamoja na makaya ingine ya Bamijikenda (makabila tisa ya pwani, Bagiriama ni bamoja) mu urithi ya dunia.