Je, wajua kwa nini dawa ya sonona iliwatuliza panya wenye kifafa?

Kwa miaka kadhaa niliamini, tena nikiwaambia wengine kwa uhakika, kwamba dawa za sonona huamsha kifafa. Sikulizua hilo: baadhi yake, kama bupropioni, zinajulikana kwa hatari hiyo, hasa dozi ikipanda. Kosa langu lilikuwa kuzitia zote kapu moja, na sababu niliyojipa ilikuwa mbovu zaidi. Serotonini, kemikali ya ujumbe kati ya seli ambayo nyingi ya dawa hizi huigusa, ni "homoni ya furaha", nikasema, furaha ni msisimko, na kifafa ni ubongo uliosisimka kupita kiasi. Hoja tamu, ila haina miguu. Kwanza, serotonini nyingi ya mwili iko kwenye utumbo, ikishughulika na chakula. Pili, ndani ya ubongo mara nyingi hutuliza seli badala ya kuzichochea.

Walionisahihisha ni panya. Huko Marekani kuna ukoo wa panya wa maabara uitwao GEPR, uliozalishwa makusudi kwa udhaifu mmoja: kengele kali ikilia, panya hutimka ovyo, kisha huanguka na kutetemeka. Wale wa GEPR-9, tawi lenye kifafa kikali zaidi, hukakamaa mpaka miguu ya nyuma ikanyooka. Ubongo wao una upungufu wa serotonini.

Mfikirie muuza kahawa barazani: kahawa ni serotonini, wateja ni seli zinazoipokea. Anamimina, mteja anapokea kikombe, lakini kuna kijana mwenye haraka (ndiye pampu inayoirudisha serotonini kwenye seli iliyoitoa) anayevipokonya vikombe kabla mtu hajamaliza funda la pili. Dele likiwa limejaa, si neno. Dele la panya hawa liko nusu, kwa hiyo baraza zima halipati kitu. Fluoksetini, dawa ya sonona waliyopewa panya hawa, haiongezi kahawa. Inamshika kijana mkono. Vikombe vinakaa, wateja wanakunywa, na kengele ikilia panya wengi hawaanguki.

Watafiti waliokuwa wabishi (nawapenda kwa hilo) wakazuia kahawa isipikwe kabisa, kwa kemikali inayokatiza utengenezaji wa serotonini. Kinga ya fluoksetini ikapungua. Kumshika kijana mkono hakusaidii sana kama dele ni tupu.

Tusiruke mbali, lakini. Kifafa cha binadamu ni nadra kuamshwa na sauti, na ukoo mmoja wa panya si hospitali. Asiguse mtu dozi yake kwa ajili ya makala haya. Ila fenfluramini, dawa ya kupunguza unene inayomwaga serotonini, iliondolewa sokoni mwaka 1997 kwa kudhuru vali za moyo, na mwaka 2020 Marekani ikairuhusu tena, kwa dozi ndogo, kwa wagonjwa wenye kifafa kigumu cha Dravet, kinachoanza utotoni.